Mlainishie mzee chakula, usimwachie chai na mkate

Ukiingia jikoni kwa wazee wetu wengi wanaoishi peke yao, utakuta chupa ya chai, kopo la sukari na mkate mweupe. Asubuhi chai na mkate, mchana uji wa sembe, jioni chai tena. Hawajaacha kupenda maharage na mnafu. Meno yamekwisha, kukaa jikoni kunachosha, na mkate unayeyuka mdomoni. Mama yangu alifikia hapo baada ya kung'olewa magego, na ndipo nilipoanza kufuatilia habari za chakula na kumbukumbu.

Ukijikata, kidonda huvimba, huuma, kisha hupona. Hiyo ni inflamesheni yenye faida. Iko nyingine ya chini kwa chini, isiyozimika, inayoongezeka na umri, hasa penye kisukari, kitambi na fizi zinazotoa usaha. Mzee hasikii maumivu yoyote, lakini kemikali za inflamesheni hiyo huzunguka kwenye damu, huharibu mishipa midogo na kuzichokoza seli za kinga zilizo ndani ya ubongo. Seli hizo zikichokozwa muda mrefu, huumiza hata neva ambazo seli hizo zilitakiwa kuzilinda. Huko Ugiriki watafiti waliwafuatilia wazee zaidi ya 1,000 kwa takriban miaka 3, na mwaka 2021 wakaeleza kwamba waliokula zaidi vyakula vya kuchochea hali hii ndio waliopata zaidi dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Utafiti ulionigusa mimi ulifanyika hapa hapa Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2025. Walishiriki wanaume 77 wenye afya. Baadhi ya wa vijijini, waliozoea mlo wa asili, walipewa mlo wa kizungu kwa wiki 2. Baadhi ya wa mjini wakarudishwa kwenye mlo wa asili. Kwa wale wa kwanza, viashiria vya inflamesheni kwenye damu vilipanda. Kwa wa pili vilishuka, na mabadiliko mengine yalionekana hata wiki 4 baadaye. Hao hawakuwa wazee, wala suala halikuwa kumbukumbu, kwa hiyo sisemi mtori, ile supu nzito ya ndizi, unatibu dimenshia. Hata mlo wa MIND wa Marekani, uliopangwa makusudi kulinda ubongo na kusifiwa sana, ulipojaribiwa kwa wazee 604 kwa miaka 3, matokeo ya mwaka 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana na kundi la kulinganishia. Anayekuuzia unga wa kurudisha kumbukumbu mpite tu.

Ninachokushauri ni kumrudishia mzee chakula alichokulia, ila kiwe laini. Maharage yaloweke usiku kucha, maji hayo yamwage, kisha yachemshe mpaka yapondeke kwa mwiko yenyewe, ndipo uyachanganye na ndizi upate kiburu. Mnafu ukate mwembamba kabisa kabla haujaingia sufuriani, maana nyuzi za majani ndizo zinazomkwama Mama kooni. Dagaa wakavu watoe vichwa, wakaange bila mafuta hadi wakauke kau, uwatwange kwenye kinu. Kijiko kimoja juu ya mtori kinatosha. Parachichi halihitaji meno. Uji uwe wa ulezi usiokobolewa. Sukari ya chai ipunguze polepole, nusu kijiko kwa nusu kijiko, ukiongeza tangawizi. Ukiikata ghafla mzee atajisikia ameadhibiwa, naye ana haki ya kufurahia chai yake. Chumvi nayo iangalie, kwa sababu presha huharibu mishipa ya ubongo kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mpeleke pia kwa daktari wa meno hata kama amebaki na meno manne. Fizi mbovu zinachochea inflamesheni hiyo hiyo, na mdomo unaouma ndio unaomrudisha kwenye mkate.

Jambo la mwisho, kwa wenye wazazi wanaomeza metfomini ya kisukari. Dawa hiyo ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wake huleta usahaulifu, ganzi miguuni na uchovu, mambo tunayoyaita uzee. Usiiachishe dawa. Mwombe daktari wa kliniki apime B12, kwa kuwa usahaulifu wa aina hiyo ukigunduliwa mapema mara nyingi unatibika.