Jina liko daftarini au haliko

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako uliingia nikiwa forodhani nangoja mashua ya Mokowe, nikausoma nimesimama, nikafika pale uliposema umefaulu masomo yote tisa na mengine nisiyaone tena. Mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama ni posa. Usiku ndipo niliposoma swali lako sawasawa.

Wasema Ami yako amekupigia simu. Amepata mnunuzi wa kile kipande chake cha shamba Kipungani na anataka wewe ndiye umwandikie karatasi za mauzo, kwa kuwa "wakili tunaye nyumbani, ya nini kulipa wa nje". Nawe wauliza utamkatalia vipi bila ya kumvunjia heshima, Ami aliyekulipia karo ya mwaka wa pili nilipokuwa sina.

Kabla ya hilo nataka nikukumbushe ile Tawakal.

Wajua kuwa babu yako alikuwa na mashua na kwamba iliuzwa. Kwa nini iliuzwa hatukuwaeleza vizuri nyinyi watoto, na Ami yako naye haijui habari yote kwa sababu mwaka huo wa 1996 alikuwa Jeddah. Mimi nilikuwapo. Babu alitaka kuuza upande mmoja wa shamba la minazi ili abadilishe mbao za Tawakal na kununua tanga jipya. Mtaani kwetu palikuwa na kijana amerudi kutoka Nairobi, amesoma sheria, mitihani ya uwakili ameimaliza. Alikuwa akingoja kuapishwa. Akipita dakani watu wanamwondokea: "Wakili, karibu." Hakuna aliyesema "bado". Babu akampelekea kazi. Akaipiga chapa vizuri, maneno mazito, sahihi yake chini kama ya wakili yeyote. Babu akamlipa, mnunuzi akatoa malipo ya kwanza, na zile pesa zote zikaenda Matondoni kwa mafundi.

Mnunuzi alikuwa mtu mwangalifu. Kabla ya kumaliza malipo alikwenda Malindi kumwonyesha karatasi wakili wake, na babu akaitwa. Tukaenda naye, mimi na yeye, kwa basi la Mokowe, siku zile za msafara wa askari kwa sababu ya mashifta. Yule wakili wa Malindi alikuwa mtu mzima mwenye adabu. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza jambo moja tu: "Mzee, huyu aliyeandika, jina lake liko kwenye daftari la mawakili?" Babu akasema kwa fahari kabisa, "Amefaulu mitihani yote." Yule bwana akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sikuuliza hilo."

Mpaka leo nikipita Malindi nauona uso wa babu yako pale.

Mnunuzi alitaka pesa zake, na haki ilikuwa yake. Pesa zilikuwa zimeshageuka mbao na misumari. Tawakal iliuzwa na tanga lake jipya kwa mtu wa Faza, na kilichobaki baada ya deni hakikutosha hata ngalawa. Mimi niliyekuwa nimeahidiwa usukani nikawa karani. Babu hakulitaja tena jambo hilo, ila akawa hashuki ufukweni alasiri, saa mashua zinaporudi.

Je, yule kijana alikuwa mwizi? Nimejiuliza miaka yote hii. Alikula pesa zetu, hilo ni kweli. Lakini hakuwa mjinga wala mlaghai. Sheria aliijua, na huenda karatasi yake ilikuwa nzuri kuliko za wengi walioapishwa. Alichoka kungoja, na sisi wenyewe tulimwita wakili kabla ya wakati mpaka akasadiki. Lakini hapana: yeye ndiye aliyejua, sisi hatukujua. Angesema neno moja tu, "Mzee, bado," babu angengoja hata mwaka. Hapo ndipo ninapotaka kumhukumu, kisha nakumbuka kuwa alikuwa na miaka ishirini na sita, ami zake wote wanamtazama. Sitasema alikuwa nani. Nataka sana kusema, lakini sitasema.

Ndiyo maana nawaambia siku zote: jina liko daftarini au haliko. Hakuna jina nusu.

Na wewe wayajua haya kuliko mimi. Ramadhani ile ulinisomea hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2015, ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing. Ukanieleza kuwa karatasi ya ardhi haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandika hakuwa amechukua cheti cha kufanyia kazi cha mwaka huo, lakini ya mtu asiyekuwa wakili ni batili kabisa. Nilikuuliza: na aliyefaulu mtihani akawa bado hajaapishwa? Ukacheka, ukasema, "Huyo bado si wakili, Baba." Nilitoka nje ili usione macho yangu.

Sasa huyo ni wewe. Miezi sita ya uanagenzi umemaliza, ombi lako limeshafika kwa Jaji Mkuu, nakala ziko kwa Baraza la Elimu ya Sheria na kwa Chama cha Mawakili. Bado siku ya kiapo, bado kutia sahihi kwenye daftari, na baada ya hapo bado cheti cha kufanyia kazi, kile kinachokwisha kila tarehe 31 Desemba. Watu watakwambia hayo yaliyobaki ni makaratasi tu. Lakini Ami naye anataka nini kwako kama si karatasi? Na usidhani ukimwandikia bure umepona, maana hata kupokea maagizo ya kazi ya ardhi si ruhusa kwa asiyekuwa wakili.

Wakumbuka Aprili ya 2018, ulipokuwa kidato cha nne, Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua kesi ya bandari yetu ya Lamu? Wavuvi wetu wapatao 4,600, fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mji mzima ulikuwa uwanjani Mkunguni. Wewe ulisema ndipo ulipotaka kuwa wakili. Mimi siku ile niliwaza jambo dogo tu: kwamba safari hii mtu wa Amu amekwenda Malindi na hakuulizwa lile swali.

Sasa Ami. Kusema kweli umeniuliza jambo gumu kuliko sheria. Ulimi wanipwaya nikwambie neno kwa neno la kumjibu, au nimwendee mimi mwenyewe usiku huu nimweleze habari ya Tawakal, niyamalize. Lakini nikimwendea mimi, atakuwa amekatazwa na kaka yake, na wewe utakuwa mtoto aliyejificha nyuma ya baba. Na nikikupa maneno, yatakuwa yangu. Basi mpigie wewe. Mueleze kuwa angoje mpaka uapishwe na upate cheti, na mawakili wa Malindi wapo kama mnunuzi hawezi kungoja. Ya Tawakal, ukiona yafaa, mwambie nimekupa ruhusa.

Ijumaa anakuja kula kwetu baada ya sala, kama kawaida. Nitakaa naye dakani na sitagusia lolote mpaka nisikie kutoka kwako.

Baba yako,
Amu