Taa ya betri ikiwaka, usikimbilie dukani

Betri mpya niliyonunua ilidumu siku mbili. Wala haikuwa feki, ilikuwa nzima kabisa. Mwenye kasoro nilikuwa mimi.

Natoka Gairo kurudi Dodoma, giza limeshaingia. Nimeipita Kibaigwa na malori yake ya mahindi, mara taa nyekundu yenye mchoro wa betri ikawaka kwenye dashibodi. Gari linatembea vizuri tu, nikasema nitaangalia nikifika. Kabla ya Mbande redio ikakata. Taa za mbele zikaanza kufifia, zikawa njano kama kibatari. Nilipofika Chalinze Nyama, gari likazima. Bahati yangu, pale hulali njaa.

Kijana mmoja fundi akajaribu stata, ikatoa ka-ka-ka. "Bosi, betri imekufa hii." Tukabusti, nikajikongoja hadi nyumbani, asubuhi nikatoa laki na sabini kwa betri mpya. Taa ya dashibodi bado inawaka. Nikaambiwa itazima yenyewe gari likizoea. Likizoea nini, sijui, ila nilikubali. Keshokutwa yake nikakwama njiani kwenda Mtumba.

Ule mchoro ndio unaotupoteza. Taa ile haisemi kwamba betri ni mbovu, inasema chaji haiingii. Injini ikishawaka, umeme wa gari hutoka kwenye altaneta, inayozungushwa na mkanda wa injini. Kazi kubwa ya betri ni kupiga stata. Altaneta ikigoma, kila kitu kinakula akiba ya betri. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula kama ampea 9, hapo hujahesabu pampu ya mafuta, plagi wala feni ya rejeta. Betri ndogo ya gari la petroli haina safari ndefu hapo, na usiku ndiyo kabisa.

Kwa hiyo ikiwaka ukiwa barabarani, kwanza tazama geji ya joto. Kwenye magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, na ukikatika injini inachemka. Sindano ikipanda, simama hapohapo hata kama ni porini. Kama joto liko sawa, zima AC, zima redio, chomoa chaja za simu, tafuta penye watu. Usizime injini mpaka ufike, maana kuwasha tena ndiko kunakokunywa umeme kuliko vyote.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme wa magari. Alifungua boneti, akabonyeza mkanda kwa kidole gumba, akatikisa vichwa vya betri kuona kama vimelegea au vimeota ule unga wa kijani. Kisha akatoa mita. "Mwanangu, hiyo betri ulipimiwa?" Nikanyamaza.

Vipimo vyenyewe ni vyepesi. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Washa injini: magari mengi yanatakiwa yapande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Yakivuka 15, regyuleta, ile inayodhibiti chaji, imeharibika na betri inapikwa. Langu lilisoma 11.8 injini ikiwa inaunguruma, na namba zinashuka ninaziona.

Hakuishia hapo, na hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka. Alipima pia nyuma ya altaneta yenyewe. Kule kukiwa na 14 na kwenye betri kuna 12, altaneta haina kosa: tafuta waya ulioliwa, fyuzi kubwa iliyoungua, au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) iliyolegea. Kwangu kote kulikuwa chini. Akaishusha, akaifungua, likamwagika vumbi jekundu la huku kwetu. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimelika, moja imebaki fupi kama ukucha, haigusi tena pale inapotakiwa kugusa. Akaweka mpya, akasafisha, akafunga. Mita ikasoma 14.2 na taa ikazima.

Kitu kimoja nakuomba ukatae: fundi anayechomoa kichwa cha betri injini ikiwaka, eti aone kama altaneta inafanya kazi. Kwenye magari ya zamani ilikuwa inapita. Haya ya sasa, umeme unaweza kuruka ghafla ukaondoka na daiodi za altaneta, hata kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari.

Halafu zoea kuitazama ile taa unapofungua swichi kabla hujapiga stata. Inatakiwa iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa usifurahi. Huenda balbu imeungua au waya umekatika, na kwenye baadhi ya magari waya huohuo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji.

Betri ya laki na sabini niliipeleka kwa mtu wa kuchaji, ikalala huko usiku kucha, maana altaneta si chaja ya kufufua betri iliyokauka. Hadi leo ndiyo inayowasha gari. Ile ya zamani nilishaiacha dukani nipunguziwe elfu kumi na tano, na sasa nina hakika ilikuwa nzima.