Mashine Haijui Sukari: Kwa Wanaoanza Kazi ya Vipimo vya Damu vya Mkononi

Kila mwaka wanafunzi wa vifaa tiba wanaokuja kwetu Tanga kwa mazoezi huniuliza swali lilelile siku ya kwanza: "Kaka, hii inafunguliwa wapi?" Wameshika glukomita, kile kipimo kidogo cha sukari ya damu, mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili. Siwacheki. Mimi mwenyewe nilikuja na bisibisi za saizi zote na multimita mpya, nikidhani kazi yangu yote imo ndani ya lile ganda la plastiki. Siku hizi ikiletwa mashine ya kupima damu kutoka Pangani au Mkinga, imebandikwa karatasi ya "MBOVU", bisibisi ndiyo kitu cha mwisho kukishika, na mara nyingi siishiki kabisa. Mashine yenyewe ni nzima. Ubovu umebaki kulekule ilikotoka: kwenye kidole, kwenye kopo la stripu (vile vipande vyembamba vinavyopokea tone la damu), au kwenye hewa ya chumba.

Kabla sijaendelea, neno. Mafundi tumezoea kusema "sensa". Nimeacha kulitumia vituoni tangu siku nilipomwambia mama mmoja kule Maramba kwamba nimekuja kuangalia sensa, akaanza kunitajia majina ya watoto wake kwa mpangilio wa umri. Nasema kihisi.

Sasa, ukipewa kihisi chochote, jiulize: hiki kinapima nini hasa? Msikubali jibu lililoandikwa kwenye boksi. Boksi linasema "sukari", lakini glukomita haijui sukari ni mdudu gani. Anayeijua ni kimeng'enya kilichokaushwa kwenye ncha ya stripu. Kimeng'enya huikamata glukosi na kuipokonya elektroni. Elektroni hizo hupokewa na kemikali nyingine ambayo mimi huiita dalali, na dalali huzifikisha kwenye elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme. Mashine yenyewe inahesabu mkondo wa umeme tu, mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za ampia, kisha programu inaugeuza kuwa namba. Wazo la kuweka kimeng'enya mbele ya elektrodi si geni: Leland Clark wa Marekani alilitangaza pamoja na mwenzake mwaka 1962, kwa kutumia elektrodi yake ya oksijeni. Glukomita za mwanzo zilisoma rangi ya stripu, na ya kwanza ya umeme, yenye umbo la kalamu, iliingia sokoni mwaka 1987. Tangu hapo vimebadilika vingi, lakini mashine bado haioni sukari. Inaona mkondo, na chochote kinachoongeza mkondo kwake ni sukari.

Niwape kisa cha machungwa. Nilikuwa zahanati moja njia ya Muheza, msimu ambao machungwa yanajaa barabara nzima. Akaja mama, anasikia kizunguzungu. Sista akamfuta kidole kwa pamba ya spiriti, akamtoboa, namba ikatoka 18.6. Sista akavuta karatasi ya rufaa. Mimi nilikuwa pembeni nabadilisha betri za mashine ya presha, nikaona vidole vya yule mama: rangi ya manjano kwenye mikunjo, na kucha ya kidole gumba ina alama ya kisu.

"Shikamoo mama. Umetoka kumenya?"

"Marahaba baba. Tangu alfajiri namenya, hata chai sijanywa."

Akapelekwa bombani, maji na sabuni, akakausha mikono kwenye khanga yake, kikatobolewa kidole kingine. 5.2. Kizunguzungu kilikuwa njaa na jua.

Nilipofika nyumbani nilikaa nikapiga hesabu, na naomba nanyi muipige. Stripu nyingi za sasa hunywa damu chini ya mikrolita 1, tuseme 0.6. Ili namba ipande kwa milimoli 13 kwa lita katika tone dogo hivyo, inahitajika glukosi kiasi gani? Igawe gramu moja mafungu milioni: fungu moja na nusu linatosha. Hiyo ni sehemu ndogo ya tone la maji ya chungwa, huwezi hata kuiona. Na kufuta mara moja kwa spiriti hakuiondoi. Spiriti inaua vijidudu, kuosha sukari si kazi yake. Kwa hiyo mkinikuta nabishana na mtu kuhusu ndoo ya maji na sabuni mahali ambapo mashine ni mpya inang'aa, msidhani nimeacha ufundi. Ndoo ile ni sehemu ya kihisi. Spiriti ikitumika, iachwe ikauke yenyewe, na tone la kwanza lifutwe kwa pamba kavu.

Jambo la pili ni zito zaidi, na chuoni sisi tulilipita kwa sentensi moja. Katika damu, sukari inafika kwenye elektrodi kwa kusafiri ndani ya plazma, yaani maji ya damu, ikipenya katikati ya chembe nyekundu. Chembe zikiwa nyingi, njia inakuwa finyu na mkondo unapungua. Zikiwa chache, njia ni nyeupe na mkondo unazidi. Mashine imesawazishwa kwa mtu mwenye chembe za kawaida. Sasa mlete mtoto wa malaria kali, damu yake, yaani hemoglobini, ile rangi nyekundu ya chembe, ni 5. Kwa kanuni ya haraka, zidisha hemoglobini kwa 3 upate asilimia ya chembe nyekundu: 15. Fungua karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi la stripu, tafuta kiwango cha chembe ambacho kipimo kinakubali. Mara nyingi utakuta kinaanzia 20, au 30. Mtoto huyu yuko nje ya uwanja, na mashine haitasema. Itatoa namba yake kwa utulivu, tena namba iliyo juu kuliko ukweli, kwa mtoto ambaye kushuka kwa sukari ndiko kunakoweza kumuua. Kwenye malaria kali, sukari chini ya 2.2 ni dharura. Mashine ikikupa 3 kwa mtoto mweupe viganja, mwambie daktari waziwazi kwamba kwa damu hii kipimo hiki hupandisha. Zipo mashine zenye elektrodi ya ziada ya kupima wingi wa chembe na kurekebisha namba, lakini msikisie. Someni karatasi.

Sasa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa glukomita kutoka kituo kimoja upande wa Pangani, kontroli, yaani maji ya majaribio ambayo sukari yake inajulikana, inasoma chini kila siku. Nikaenda na stripu za kituoni, nikapima kontroli mara tatu, namba zikaja chini na zinarukaruka. Nikachukua kalamu ya wino usiofutika nikaandika MBOVU mgongoni mwa mashine, nikaibeba hadi mjini, nikajaza fomu. Wiki mbili baadaye, nikiwa na kopo jipya la stripu mkononi, nikaijaribu kwa udadisi tu. Ikasoma kontroli katikati kabisa ya kiwango, mara tano mfululizo.

Kumbe vituo viwili vilikuwa vimegawana kopo moja. Wenzetu wa kituo cha pili walibaki na kopo, hawa walibeba nusu yao ndani ya glavu iliyofungwa fundo. Kopo la stripu si chombo tu, wadogo zangu. Kwenye kifuniko au ukutani mwake mna dawa inayonyonya unyevu, na kimeng'enya kikavu kinaishi kwa hiyo. Hewa ya pwani yetu mnaijua: chumvi mezani haimiminiki, biskuti iliyofunguliwa asubuhi jioni inapinda. Stripu nayo hupinda, ila huoni. Tangu siku hiyo sikubali kusikia stripu zimewekwa kwenye bahasha, glavu au mfuko wa koti. Toa moja, funika hapohapo, andika tarehe ya kufungua kwenye kopo, maana muda wa kwisha uliochapishwa ni wa kopo ambalo halijafunguliwa. Likishafunguliwa mara nyingi ni miezi 3 au 6, kutegemea aina. Na wale wanaoziweka friji pamoja na soda "zisiharibike": kopo la baridi likifunguliwa kwenye joto la Tanga, unyevu wa hewa unageuka umande ndani yake.

Ile mashine niliirudisha mwenyewe, na niliomba radhi. Maandishi hayakufutika.

Kwenye joto nitasema kwa ufupi kwa sababu mkoa wetu wenyewe utawafundisha. Mashine za katriji, zile zinazopima chumvi za damu na gesi, zina kihisi ndani ya katriji, kile kikasha kidogo kinachochomekwa kwenye mashine, pamoja na kifuko cha maji ya kusawazishia, na aina niliyoizoea inakubali kufanya kazi kati ya nyuzi 16 na 30 tu. Mwezi wa pili, saa nane mchana, chumba cha bati hapa mjini kinapita 30, mashine inagoma. Mwezi wa saba, asubuhi, Lushoto iko chini ya 16, mashine ileile inagoma. Hapo si mbovu, inasema ukweli. Afadhali kihisi kinachogoma kuliko kinachotoa namba. Msiipoze kwa feni, feni haishushi joto la mashine chini ya joto la chumba. Msiipashe karibu na jiko. Katriji ikitoka friji ikae nje dakika 5 kabla ya kutumika, boksi zima saa moja, na ikishapata joto la chumba usiirudishe baridini. Nunueni kipimajoto cha ukutani. Ndicho kifaa cha bei ndogo kilichowahi kuniokolea safari nyingi za kwenda milimani.

"Damu ngapi?" Hilo ndilo swali la kina mama kliniki, na mashine inayolijibu haitumii mkondo, inatumia mwanga. Kikombe kidogo cha plastiki kinanyonya damu mikrolita 10 hivi, dawa ndani yake inapasua chembe na kuibadili hemoglobini, kisha taa inapita katikati. Aina iliyoenea sana hutumia mwanga wa nanomita 570 kupima rangi na wa 880 kuondoa kwenye hesabu athari ya ukungu wa damu. Ukishajua hilo, makosa unayaona kabla hayajatokea. Kapovu ka hewa katikati ya kikombe ni dirisha ambalo mwanga unapita bure: namba inashuka. Damu iliyopaka nje ya kikombe ni pazia la ziada: namba inapanda. Kidole kikikamuliwa kama embe, maji ya mwilini yanachanganyika na damu: namba inashuka, na mama mjamzito anaambiwa ana 9 wakati ana 11. Mkono uwe wa joto, uning'inie chini, tone lije lenyewe kubwa. Kikombe kikose pengo. Jicho la mashine lisafishwe kwa kijiti chake, si kwa pamba iliyolowa spiriti hadi inachuruzika. Hiyo nimeikausha mara mbili kwenye mashine moja.

Bado kuna ugomvi wa namba. Mtakutana na daktari anayesema glukomita yenu inadanganya kwa sababu ilisoma 5.8 na maabara ya hospitali ikasoma 5.1. Muulize damu ilikaa kwenye chupa muda gani. Kama ilisafiri kwa bodaboda kwa muda wa saa mbili bila dawa ya kuzuia, chembe zilikuwa zinakula ile sukari njia nzima, asilimia 5 hadi 7 kila saa. Wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa saa yake. Halafu kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013, ISO 15197, chenyewe kinaruhusu glukomita ikosee hadi asilimia 15 juu au chini kwa vipimo 95 kati ya 100, sukari ikiwa 5.55 na kuendelea. Kwa hiyo 6.1 na 6.7 kwa mgonjwa mmoja, kidole kimoja, si habari ya kuandikia barua.

Na kabla ya yote tazameni kizio kwenye kioo: zetu huonyesha milimoli kwa lita, za Marekani miligramu kwa desilita. Mzee mmoja wa Ngamiani alitumiwa glukomita na mwanawe aliyeko Marekani. Akapima, akaona 97, akalala kitandani akisubiri umauti, familia ikaitwa. Mjukuu akanipigia simu. Nikamwambia gawa kwa 18. Kimya, nasikia vidole kwenye kikokotoo, halafu: "Babu, 5.4." Nikasikia mzee akiuliza nani kampikia wali, na kama umebaki.

Mkija Jumatatu, bisibisi acheni kwanza. Njooni na daftari la mistari la kuandikia kontroli kila asubuhi, kifutio cha penseli cha kusugulia kutu ya kijani kwenye vishikio vya betri, kwa sababu upepo wa bahari hausamehi, na kipande cha sabuni. Tutaanzia Pangani. Mtaijua mashine ipi niliyowasimulia, imeandikwa mgongoni.