Kazi mpya ya kuwatunza mbwa: nianzie wapi?

SWALI: Asalamu aleikum, mzee wetu. Mimi ni msichana wa miaka 23, mkazi wa Majengo, Pumwani. Jumatatu ijayo ninaanza kazi ya kuwatunza mbwa katika makao ya wanyama waliotelekezwa huko Lang'ata. Nyumbani hatujawahi kufuga mbwa, na nilipokuwa darasa la 4 nilitafunwa mguu na mbwa wa jirani, kwa hivyo sifichi kwamba ninaogopa. Mama hanikatazi, ila anauliza nitaingiaje ndani na nguo zilizolambwa. Nianzie wapi?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Anza na chanjo, tena leo, usingoje Jumatatu. Kwa watu wa kazi kama yako, Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano 2 za kinga dhidi ya kichaa cha mbwa, ya pili ikidungwa siku 7 baada ya ile ya kwanza. Mwulize mwajiri ni lini utapelekwa, na umwombe usiingizwe kwa mbwa ambao historia yao haijulikani kabla hujazimaliza. Glavu, buti na ovaroli ni juu yake, kwani Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka akupe vifaa vya kujikinga bila kukutoza chochote. Ukiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo, maana hata aliyechanjwa huhitaji kudungwa tena. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu kila aliyeupata hufa.

Baada ya hapo jifunze mpangilio wa mabanda, jambo ambalo wageni wa kazi hii hulidharau nami nililidharau pia. Katika mwaka wangu wa kwanza nilitoka banda la karantini, ambako mbwa koko aliyeletwa siku iliyotangulia alikuwa akihara, nikapitia kwa watoto wa mbwa kuwapa uji kwa sababu tu walikuwa njiani. Buti zilikuwa zilezile. Siku ya tano mtoto mmoja aliusogelea uji, akaunusa, akarudi kujikunyata ukutani. Adhuhuri akatapika povu la manjano, na jioni akawa anahara maji yenye damu na harufu ambayo hadi leo nikiikumbuka nafunga pua. Walikuwa wanane, tukazika watano. Hiyo ilikuwa parvo, na virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi, wala havifi kwa sabuni ya kawaida. Sakafu husafishwa kwanza kinyesi chote kiishe, ndipo ikamwagiwa jiki iliyochanganywa na maji, kipimo 1 kwa 30, na kuachwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Kwa hiyo, kila asubuhi huduma huanza kwa watoto wa mbwa na mama zao, ikafuata kwa wakubwa wenye afya, kisha wageni walio karantini, na wagonjwa huwa wa mwisho kabisa. Ukishatoka kwa wagonjwa usirudi nyuma, hata mtu akikuita kwa jina.

Kuhusu woga, mweleze msimamizi wako waziwazi, kwa kuwa mimi humwamini zaidi mwoga anayetazama kuliko jasiri anayekurupuka. Unapoingia bandani simama ubavu, usimkodolee mbwa macho wala usimwinamie ukimshika utosi. Mwache aje mwenyewe akunuse. Usidanganyike kwamba kila mkia unaotikiswa ni wa furaha, kwa sababu mkia uliosimama wima na kukakamaa, mwili mgumu, weupe wa jicho unaoonekana pembeni na ulimi unaolamba midomo pasipo chakula vyote humaanisha kwamba anataka umpe nafasi. Mbwa wakipigana, wamwagie ndoo ya maji. Mkono wako usiutie katikati.

Swali la mama yako nimelipenda. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo Waislamu wengi wa huku kwetu huyafuata, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo, na ufafanuzi zaidi utaupata kwa sheikh wako. Upande wa kazi, jibu ni jepesi: ovaroli na buti havivuki lango la makao. Utaoga hapohapo, uvae nguo za nyumbani, kisha upande matatu. Utaratibu huo ungekuhusu hata usingekuwa Mwislamu, kwa sababu ovaroli hiyohiyo inaweza kuwapelekea mbwa wa mtaani kwenu parvo, na ninyi wenyewe kupe. (Tena mama bila shaka anaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa.)

Nunua pia daftari dogo. Andika kila siku nani amekula, nani amebakisha, na choo cha kila mmoja kimekuwaje, kisha umwonyeshe daktari wa mifugo asubuhi ileile unapoona badiliko. Na Jumatatu, kabla hujashika ufagio, uliza banda la karantini liko upande gani.