Kabla hujasaini ofa, angalia nani anapandishwa cheo pale

Wiki hii mwanafunzi mmoja wa MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, kaniandikia ujumbe mrefu, yuko mwaka wa mwisho, ana ofa mbili mkononi, moja ya kampuni ya ushauri wa biashara na nyingine ya benki ya uwekezaji, na pale chuoni anaishi na mpenzi wake bila kujificha. Swali lake lilikuwa moja tu: kati ya hizi mbili, ipi inatukubali sisi mashoga? Nimemjibu kwa kifupi, ila naona wako wengi wenye swali hilohilo na wanaona aibu kuuliza, kwahiyo naandika hapa ili wote msome.

Niseme kabisa, mwezi uliopita nimekabidhiwa kitengo kizima cha mikopo ya makampuni, timu yangu, bajeti yangu, na kila mtu kwenye jengo lile anajua mpenzi wangu ni mwanaume. Najivunia, sifichi. Na nilivyofika hapa ndo kunanifanya nione nina la kuwaambia.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kwenye taasisi ya fedha, jina naliacha. Kwenye tovuti yao kulikuwa na bendera ya upinde wa mvua, sera ya kupinga ubaguzi imeandikwa vizuri kabisa, kwenye intaviu wakaniambia hapa kila mtu anakaribishwa alivyo. Nikaamini, na kusema kweli hakuna aliyewahi kunitukana. Jumatatu asubuhi watu wanasimulia wikendi zao, mke wangu hivi, mchumba wangu vile, na mimi nikawa nasimulia yangu kama wenzangu, namtaja mpenzi wangu kwa jina, wanatabasamu, halafu mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Basi, hivyo tu. Ila kikija chakula cha jioni na wateja, wenzangu wanaenda na wake zao, mimi naambiwa wewe kaza ile modeli ya Excel tunaihitaji kesho asubuhi. Ikija safari ya kumtembelea mteja, kiti kimejaa. Ikija simu ya mteja mkubwa, ataipokea fulani maana "anazoeana nao zaidi". Mwisho wa mwaka nikaitwa kwenye tathmini, bosi ananisifia weee, kazi safi, hesabu safi, halafu anafunga faili na kusema kitu pekee kinachokurudisha nyuma ni kwamba hujajenga mahusiano na wateja. Nitayajenga vipi na mtu ambaye sijawahi kupelekwa kumsalimia?! Nikaenda HR, idara ya rasilimali watu, wakanionyesha sera, wakasema leta ushahidi wa aliyekubagua, na mimi ushahidi sina, nina viti tu ambavyo sikukalia. Mwaka uliofuata promosheni akapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma taarifa ya mtiririko wa fedha. Simlaumu yeye, alikuwa mchapakazi. Ila linaniuma hadi leo na sitajifanya limeisha.

Sasa mnaelewa kwanini swali la "kampuni ipi inatukubali" mimi silipendi. Kukubalika kwa maneno ni rahisi, hakumgharimu mtu chochote. Uliza nani kapandishwa cheo. Uliza nani anapelekwa kwa wateja. Kwenye biashara, hasa benki, ukaguzi wa hesabu, sheria za makampuni na ushauri, mtu hapandi kwa kufanya kazi nzuri peke yake, anapanda kwa sababu kuna mkubwa ndani ya chumba kile cha maamuzi anayesema huyu ni wangu, mpeni. Kama hakuna mkubwa wa namna hiyo kwa ajili yako, bendera haitakusaidia.

Na msinielewe vibaya, sera ni muhimu, watu wamezipigania. IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, waliweka mwelekeo wa kimapenzi kwenye sera yao ya kutobagua mwaka 1984, wakati kampuni kubwa karibu zote hazikutaka hata kuligusa jambo hilo. Mwaka 2002 Human Rights Campaign, shirika la kutetea haki za watu kama sisi kule Marekani, wakaanza kuzipa kampuni alama kwa namna zinavyotutendea, na mwaka ule kampuni 13 tu ndo zilipata 100, baadaye zikawa mamia. Ila alama zile zinapima zaidi vitu vilivyoandikwa, bima, sera, mafunzo, hazijui nani kaachwa ofisini wakati wenzake wako na mteja. Halafu kampuni zinaweza kuamka siku moja zikaachana nazo, mwaka 2024 Ford, Lowe's na Harley-Davidson zote zilitangaza kuacha kushiriki. Kwahiyo anayechagua kazi kwa kuangalia alama peke yake anaegemea kitu ambacho mkurugenzi mpya anaweza kukifuta kwa barua moja.

Angalia watu. John Browne aliiongoza BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, miaka mingi akiwa anaficha kwamba ni shoga, mwaka 2007 magazeti yakamfichua na akajiuzulu, mtu aliyeikuza kampuni ile kuliko wengi. Mwaka 2014 Tim Cook akaandika wazi kwamba ni shoga na akaendelea kuongoza Apple kama kawaida. Mwaka huohuo Inga Beale, ambaye hafichi kwamba anapenda wanawake na wanaume, akaanza kuiongoza Lloyd's of London, soko la bima lenye zaidi ya miaka 300. Mwaka 2018 Beth Ford akawa mkuu wa Land O'Lakes, kampuni ya maziwa na kilimo ya Marekani, akiwa na mke na watoto, na hakuficha. Miaka 11 tu hiyo, kutoka Browne mpaka Beth Ford. Mnaosema biashara sio ya watu kama sisi, someni hizo historia tena.

Nilivyohama nilifanya kitu kimoja tofauti. Kabla ya kusaini niliomba kuongea na watu wawili watatu wa ngazi ya katikati, sio wa HR, sio wale wanaopangwa kwenye matangazo, nikawauliza moja kwa moja: kwenye timu hii kuna mtu kama mimi aliyepandishwa cheo, na nani alimpigania? Mmoja akababaika. Mwingine akanitajia bosi wa idara nyingine kabisa, mwanamke mkali kweli, akasema ukitaka kupanda nenda kule. Nikaenda kule. Wiki ya kwanza akanipeleka kwa mteja, akanitambulisha, huyu ndo atashika faili lenu, na mteja akauliza maswali ya riba tu, hakuna kingine. Ule woga wote kwamba "wateja hawatamzoea" ulikuwa wa mabosi wangu wa kazi ya kwanza, wateja wenyewe wanataka hela zao zifanye kazi.

Kingine, ukipewa mkataba soma bima ya afya, imeandikwa mke au mume, au imeandikwa mwenza? Ukiona haiko wazi uliza kwa maandishi. Na kama ni kampuni inayosafirisha watu, ushauri hasa, uliza kuhusu kupangiwa nje, maana zaidi ya nchi 60 bado zinahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai. Swali la kuuliza ni hili: nikikataa kupangiwa nchi fulani kwa usalama wangu, tathmini yangu inashuka? Jibu watakalokupa, au namna watakavyobadilika sura, linatosha.

Wenzetu waliobadili jinsia wana mzigo wa ziada na nauona haujadiliwi vya kutosha. Cheti kina jina la zamani, wanaohakiki historia ya mtu wanataka majina yote uliyowahi kutumia, na ghafla meneja ambaye hajakuona hata siku moja anajua maisha yako yote. Omba mtu mmoja tu wa HR ashughulikie hilo faili, na uombe uthibitisho kwamba haliendi kwa meneja. Una haki ya kuomba.

Kuhusu CV, nimeulizwa sana, niandike kwamba niliongoza chama cha wanafunzi wa LGBT, yaani watu kama sisi na waliobadili jinsia, au nifiche? Kama unaishi mahali ambapo sheria iko upande wako, Afrika Kusini katiba ya 1996 inakulinda, Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2000 linalokataza ubaguzi kwenye ajira, Marekani Mahakama Kuu iliamua 2020 kwamba kukufukuza kazi kwa sababu wewe ni shoga au umebadili jinsia ni ubaguzi wa jinsia, basi andika, ila andika ulichokifanya: ulisimamia bajeti kiasi gani, ulipata wadhamini wangapi, wanachama waliongezeka vipi. Kama unaishi mahali ambapo sheria inakuwinda, usalama wako kwanza, andika "mhazini wa chama cha wanafunzi" na inatosha, na asije mtu akakuita mwoga. Hakuna anayemdai mwenzake kujitangaza. Wanaohubiri kwamba kila mtu ajitokeze mara nyingi wana pasipoti nzuri na akiba benki.

Someni jamani. Fedha, takwimu, sheria za mikataba, mjue kuliko wanaowatilia shaka. Mi nilikuwa najua vitabu vya hesabu vya wateja wangu kuliko wao wenyewe na ndo maana bosi yule alipokuwa ananipigania alikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Mnaojiandaa kwenda kwenye kongamano la Reaching Out MBA, la wanafunzi wa MBA walio LGBT, waajiri wengi wanakuja pale kutafuta watu, msiende kukusanya kalamu na mifuko yao, nendeni na lile swali la nani kapandishwa. Na ukipata jibu zuri kutoka kampuni yoyote niandikie, nitakuunganisha na wengine wanaotafuta.