Pikipiki ya umeme ya bei nafuu: piga hesabu ya betri kabla ya kulipa

Swali: Fundi, salaam. Nimeona tangazo la pikipiki ya umeme inayoagizwa moja kwa moja kutoka kiwandani nje ya nchi, kwa karibu nusu ya bei ya zile zenye majina. Maelezo yake ni haya: mota ya wati 3000 ndani ya gurudumu la nyuma, betri ya lithiamu ya volti 72 na ampea-saa 20, kasi ya juu kilomita 80 kwa saa, kilomita 100 kwa chaji moja, na ina alama ya CE. Kazini kwangu ni umbali wa kilomita 28 za lami. Mwendo wa barabara hiyo ni 60 hivi, na kilomita 4 za mwisho ni za kupanda. Nina kilo 80, na siku nyingine nambeba mke wangu. Niinunue?

Jibu: Kwa safari hiyo, ndugu yangu, usiinunue. Sababu si bei yake wala nchi ilikotengenezwa, maana zipo pikipiki imara zinazotoka kwenye viwanda ambavyo hakuna anayevijua. Sababu ni kwamba namba za tangazo hilo zinapingana zenyewe kwa zenyewe, na wewe ndiye utakayegundua hivyo ukiwa katikati ya malori.

Anza na betri, kwa kuwa ndiyo namba ngumu zaidi kuipamba. Zidisha volti kwa ampea-saa: 72 mara 20 ni wati-saa 1440. Hiyo ndiyo nishati yote uliyonayo, na hakuna mota wala teknolojia itakayoiongeza. Sasa gawanya kwa kilomita 100 wanazozitangaza, unapata wati-saa 14.4 kwa kila kilomita. Matumizi madogo kiasi hicho yanawezekana, lakini kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa, kwenye tambarare, bila upepo, na dereva mwepesi. Ni mwendo wa baiskeli.

Ukiongeza kasi, hewa inabadilisha kila kitu. Kasi ikiwa mara mbili, ukinzani wa hewa unakuwa mara nne, na wati za kuushinda zinafika mara nane. Nimekupigia hesabu kwa uzito wa jumla wa kilo 200, yaani wewe na pikipiki ya kilo 120, nikichukulia kwamba asilimia 80 ya umeme wa betri ndiyo inayofika kwenye tairi. Kwa 40 kwa saa utatumia kama wati-saa 25 kwa kilomita. Kwa 60, kama 45. Kwa 80, zaidi ya 70. Hayo ni makadirio ya mtu aliyekaa wima kwenye pikipiki ya kawaida, na kusimama kwenye mataa na kuondoka tena kunaongeza matumizi.

Weka sasa safari yako humo. Kilomita 24 za kwanza kwa mwendo wa 60 zinakula wati-saa 1080. Mlima nauchukulia kuwa wa asilimia 8, kwamba kila mita 100 unapanda mita 8. Ukiupanda kwa 40, kuinua tu uzito huo kunahitaji kama wati-saa 220 kutoka kwenye betri, na kuviringika pamoja na hewa kunaongeza 100 nyingine. Jumla ni wati-saa 1400. Betri ina 1440 ikiwa mpya. Utafika kazini imekwisha, na kama kuna upepo wa mbele huenda usifike.

Ndiyo maana muuzaji yeyote ninamuuliza swali moja kabla ya mengine yote: hizo kilomita 100 zilipimwa kwa mwendo gani na kwa dereva wa kilo ngapi? Mwenye vipimo vya kweli hujibu mara moja. Asiye navyo hukutumia picha nyingine ya pikipiki.

Kuhusu mota. Kushika 80 kwenye tambarare kunahitaji takriban wati 4600 kwenye tairi, kwa hesabu ile ile. Mota ya wati 3000 za kudumu itaishia karibu na 67. Huenda pikipiki hiyo ikaigusa 80 kwa muda mfupi, kwa sababu mota nyingi hustahimili nguvu kubwa kuliko ya kudumu kwa sekunde kadhaa, au huenda 80 ilisomwa kwenye spidomita gurudumu likizunguka hewani. Lililo muhimu ni kujua kama 3000 ni nguvu ya kudumu au ya kilele. Kama ni ya kilele, ya kudumu inaweza kuwa nusu yake. Dai namba ya nguvu ya kudumu iliyochapwa kwenye kibao cha mota, maana ya kwenye karatasi ya tangazo haitoshi. Kumbuka pia kwamba kasi ya mota hufuata volti. Betri ya seli 20 mfululizo za aina ya NMC (lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti) huwa na volti 84 ikijaa, na hushuka hadi sitini na kitu inapokaribia kuisha, kwa hiyo pikipiki iliyokuwa na mwendo mzuri asubuhi itakuwa nzito jioni, saa ambazo magari ni mengi.

Mlima wako unanitia wasiwasi zaidi kwa joto kuliko kwa nishati. Peke yako, kupanda asilimia 8 kwa 40 kunataka wati 2500 hivi kwenye tairi. Ukiwa na mkeo, na uzito wa jumla ukawa kilo 270, unataka kama 3300, na unazitaka mfululizo kwa dakika sita. Mota iliyo ndani ya gurudumu imefungiwa humo pamoja na joto lake, haina gia ya kushusha, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo inavyovuta mkondo mkubwa kupata nguvu ile ile ya kupanda. Joto la nyaya za shaba linapanda kwa mraba wa mkondo. Ukiirudia kila siku, vihisi vilivyo ndani vinakufa, varnishi ya nyaya inaungua, sumaku zinadhoofika. Kwa mtu mwenye mlima ningependelea mota iliyo katikati ya fremu inayoendesha gurudumu kwa mnyororo au mkanda. Ikibidi iwe ya ndani ya gurudumu, basi iwe na kihisi joto kinachopunguza nguvu chenyewe kabla mota haijaungua.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayaligusi kabisa, nalo ndilo ninaloliogopa kuliko yote hayo. Ndani ya betri ya lithiamu kuna saketi ya ulinzi ambayo mafundi tunaiita BMS. Kazi yake ni kukata umeme mkondo ukizidi, seli moja ikishuka sana, au joto likipanda. Kutoa wati 3000 kwenye tairi, betri ya volti 72 lazima itoe ampea 50 au zaidi. Kama BMS imewekwa kukata kwenye 40, itakata. Itakata unapolipita lori, kwa kuwa ndipo utakapokuwa umevuta mpini wote, na taa zinaweza kuzimika pamoja na mota. Uliza namba mbili: ampea za kudumu za BMS na ampea za juu za kontrola, kile kifaa kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota. Ya BMS iwe kubwa kuliko ya kontrola. Muuzaji asiyezijua namba hizo mbili hajui anachouza, hata kama ni mtu mwaminifu.

Sasa makaratasi, kwa kuwa yanaweza kuifanya hesabu yote hiyo isiwe na maana. Alama ya CE si ruhusa ya barabarani. Ni tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa inafuata masharti fulani ya soko la Ulaya, na hata chaja au kibaniko cha mkate huwa nayo. Pikipiki ya barabarani huhitaji idhini ya aina ya chombo na hati ya ulinganifu inayotaja modeli yenyewe, nguvu yake, kasi na uzito. Vipo viwango vya Umoja wa Mataifa vinavyofuatwa na nchi nyingi: Kanuni namba 78 kuhusu breki za pikipiki na namba 136 kuhusu usalama wa mfumo wa umeme. Kabla ya kutuma hata malipo ya awali, omba nakala ya hati na picha ya namba ya chasisi, uzipeleke kwa mamlaka inayosajili vyombo hapo ulipo na uulize kama watakisajili chombo hicho. Namba ya chasisi iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe, iwe na tarakimu na herufi 17, na isiwe na herufi I, O wala Q, kwa sababu kanuni ya namba hizo haizitumii. Soma pia maandishi madogo ya tangazo. Ukikuta neno lolote la kusema chombo ni cha matumizi ya nje ya barabara, wamekwisha kujiondolea lawama, na bima itashika maneno hayo hayo siku ya ajali.

Taa, indiketa na vioo vilivyopimwa vina herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Havina? Basi hakuna aliyevipima.

Matairi yasome ubavuni. Utafute namba ya uzito na herufi ya kasi, kwa mfano 50J: 50 ni kilo 190 kwa tairi hilo, J ni kilomita 100 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi lisilo na herufi ya kasi lilitengenezwa kwa chombo cha polepole, na nimeshaona matairi ya namna hiyo kwenye pikipiki zinazodai 80. Breki nazo, usiridhike na kuona diski. Betri kubwa ni uzito wa ziada, na hakuna injini ya kukusaidia kupunguza mwendo, kwani breki ya mota mara nyingi haifanyi kazi betri ikiwa imejaa. Teremka mlima kwa majaribio, funga breki ya mbele kwa nguvu mara kadhaa, uangalie kama mpini wa breki unazama au uma wa mbele unapinda. Ikifanya moja kati ya hayo, maliza mazungumzo hapo hapo.

Jaribio jingine halihitaji hata kutembea. Weka stendi ya kati gurudumu la nyuma liwe hewani. Zungusha mpini wa mwendo hadi mwisho na uushikilie, kisha ndipo uwashe swichi. Gurudumu halipaswi kuzunguka. Uachie mpini, uzungushe tena gurudumu lizunguke, halafu gusa breki: mota ikate papo hapo. Shusha stendi ya pembeni: ikatae kuondoka. Pikipiki ya umeme haitoi sauti, na inayoruka yenyewe mtu anapoisukuma getini inavunja miguu ya watu.

Umesema betri ni ya lithiamu. Ihakikishe kwa mzani. Wati-saa 1440 za lithiamu ni kilo 9 hadi 12 hivi, za risasi na asidi ni kama 40. Kisha jua ni lithiamu gani. NMC ni nyepesi lakini huchoka mapema na haivumilii kuteswa. LFP, ya chuma na fosfati, ni nzito kidogo, hudumu mizunguko 2000 na zaidi ikitunzwa, na ni ngumu zaidi kulipuka moto. Mimi ningechukua LFP bila kusita kwa kazi ya kila siku. Omba ripoti ya kipimo cha UN 38.3, ambacho betri za lithiamu hupitia kabla ya kusafirishwa. Chaja iwe ya betri hiyo hiyo: volti 84 kwa NMC ya seli 20, volti 87.6 kwa LFP ya seli 24. Ukizichanganya, BMS peke yake ndiyo itakayokuwa imesimama kati yako na moto, na kwenye betri za bei ya chini, BMS ndipo mahali watengenezaji wanapobania gharama. Usichajie kwenye korido au karibu na mlango mnaoutegemea kutokea usiku.

Kwa safari yako, tafuta hivi. Kwenda na kurudi ni wati-saa 2500 hivi, kwa kuwa unaporudi mlima unakuwa mteremko. Ongeza akiba ya njiani na asilimia 20 ambazo betri itapoteza kwa uzee, unafika karibu 3450: volti 72 na ampea-saa 48. Kama unaweza kuchajia kazini, ampea-saa 30 zitakutosha. Mota iwe ya wati 4000 za kudumu au zaidi, BMS ya kudumu ampea 80, kontrola chini ya hapo. Na uhakikishe kontrola na BMS havijafungwa kwa programu ya kiwanda, kiasi kwamba kimoja kikifa hakuna fundi mwingine anayeweza kuweka kingine.

Pikipiki yenye sifa hizo haitakuwa nusu bei. Ukiona inayodai sifa hizo kwa bei ya hii ya kwanza, muulize muuzaji betri yake ina kilo ngapi. LFP ya wati-saa 3450 haiwezi kuwa chini ya kilo 20.