Vali ya mvuke haifunguliwi kama jiko la gesi

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye viwanda vidogo vya bia hapa Kampala, nimeyaona tena wiki hii. Kiwanda kimekua. Sufuria ya lita 200 iliyokaa juu ya gesi imeondolewa, imekuja ya lita 1,000 yenye jaketi, yaani ukuta wa pili ambao mvuke hupita ndani yake, na boila inayochemsha maji kuwa mvuke iko nyuma ya ukuta. Asubuhi kijana anakamata vali kuu na kuizungusha yote kwa mkupuo, kama anayewasha jiko. Nawapenda, na ndiyo sababu leo nasema kwa ukali.

1. Mvuke ukigusa chuma baridi hugeuka maji, na hapo ndipo unapotoa joto lake. Kilo moja ya mvuke kwenye presha ya baa 1 huacha kama kilojuli 2,200. Kupandisha lita 1,000 za woti, yaani maji matamu ya nafaka kabla hayajawa bia, kutoka nyuzi 65 hadi ichemke kunataka kilo 60 hivi za mvuke, bila kuhesabu joto linalopotea. Hayo ni madumu matatu ya maji ambayo lazima yatoke kwenye jaketi. Kila mara jiulize: yanatoka kwa njia gani?

2. Yasipotoka, hupiga. Kwenye kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, bomba la mvuke lilirefushwa ili lifikie tangi jipya la maji moto, na katikati likaachwa limelegea kati ya vishikizo viwili. Usiku maji yalituama pale. Kila asubuhi tulisikia kishindo kama mtu anagonga bomba kwa nyundo, na kila asubuhi mtu alisema, "Boila inaamka." Tukazoea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sauti ilituambia kila kitu na sisi tukaipa jina la utani. Siku moja vali ilifunguliwa haraka kuliko kawaida. Mvuke hukimbia makumi ya mita kwa sekunde. Ukikuta maji yamejaa bomba, huyasukuma yote kwa pamoja mpaka kwenye kona. Gaskiti ya flanji, pale vipande viwili vya bomba vinapoungana, ilipasuka, na mwenzetu aliyekuwa anapita chini yake aliungua shingo na mkono. Alipona, lakini kazi hii hakuirudia, na simlaumu.

Basi: bomba literemke sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea mvuke unakokwenda. Pawe na mfuko wa kukusanya maji, wenye trapu (kifaa kinachotoa maji na kuzuia mvuke), kabla ya kila mahali bomba linapopanda. Fungua kwanza vali ya kumwagia maji, kisha vali kuu kidogo tu, usubiri bomba lipate moto ndipo uendelee. Ukisikia kishindo, funga. Usimngoje fundi.

3. Jaketi linataka trapu ya boya inayotoa pia hewa, na kifaa cha kuvunja ombwe, yaani cha kuingiza hewa mvuke unapopoa, la sivyo likipoa litashikilia maji yake mpaka kesho.

4. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Acheni kuongeza presha mkingojea 100. Mtafurisha sufuria tu. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, hutoka polepole zaidi kwenye joto hilo, kwa hiyo rekebisheni muda au kipimo. Wanaopika mtama watafurahi: wanga wake hulainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri, hivyo hupikwa kando kwanza, na uji ule mzito hauungui upesi kwa mvuke kama kwa moto wa chini. Ni kama matooke yanayoiva kwa mvuke ndani ya majani.

5. Umeme ukikatika, pampu ya maji ya boila husimama. Boila ya dizeli huzimika nayo, lakini ya kuni au pumba za kahawa haizimiki! Funga hewa inayoingia kwenye moto na uangalie kioo kinachoonyesha kimo cha maji ya boila. Maji yakiwa hayaonekani, usiingize maji baridi hata kidogo. Zima moto, toka, acha ipoe yenyewe. Na jenereta iunganishwe na pampu hiyo kabla ya friji za ofisini.

6. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inataka boila zikaguliwe. Siku ya kwanza kazini, kabla hujaonyeshwa hata mapipa, omba uonyeshwe cheti cha ukaguzi na usome tarehe yake.